Vidole Vikivimba, Tazama na Kucha

Na Bwana Shamba



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima mashambani. Ninawafundisha kupanda kwa mistari, kutumia samadi na kuhifadhi mazao. Lakini leo sitaandika juu ya pamba wala mahindi. Leo nitaandika juu ya vidole.

Mkulima hufanya kazi kwa vidole. Vidole hushika mpini wa jembe. Vidole huchuma pamba, hukamua ng'ombe na humenya muhogo. Vidole vikiuma, kazi za nyumba nzima hulala. Mimi ninajua, kwa sababu vyangu viliuma.

VIDOLE VYANGU

Mambo yalianza kwenye kucha. Kucha za mkono wangu wa kulia ziliingia vishimo vidogo vidogo, kama zimechomwa kwa ncha ya sindano. Nikadhani ni dawa ya kunyunyizia pamba. Nilikuwa pia na mabaka makavu kwenye viwiko. Nilikuwa nayo kwa miaka mingi. Niliyaita choa. Nilipaka dawa ya choa, lakini hayakuondoka.

Kisha, msimu mmoja wa kupanda, kidole changu kikavimba. Hakikuvimba kwenye kifundo kimoja tu. Kilivimba chote, kutoka shinani mpaka kwenye ncha. Kilikuwa kinene kama ndizi mbichi. Asubuhi sikuweza kukunja ngumi. Nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Mke wangu ndiye aliyenifunga. Ilipita zaidi ya saa moja kabla vidole havijalegea.

Maneno yakaanza kijijini. Mmoja alisema nimerogwa. Mwingine alisema nina ugonjwa wa kuambukiza. Watu wengine wakaacha kunipa mkono tulipokutana njiani. Jambo hilo liliniuma kuliko vidole.

Nilinunua vidonge vya maumivu dukani. Nilimeza, nikapata nafuu, nikarudi shambani. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo kidole kimoja kilipinda. Hakijanyooka mpaka leo. Wala hakitanyooka tena.

MGANGA ATAZAMA KUCHA

Mwishowe nilikwenda zahanati. Mganga aliangalia kidole changu. Halafu akasema, "Bwana Shamba, hebu vua shati."

Nilishangaa. "Mganga, mimi ninaumwa kidole. Shati la nini?"

"Vua tu, Bwana Shamba."

Nikavua. Akatazama viwiko vyangu. Akatazama magoti, kitovu, na ngozi ya kichwa nyuma ya masikio. Akazitazama kucha moja moja. Akauliza, "Je, mzee wako alikuwa na mabaka kama haya?"

Nikamkumbuka baba yangu. Naam, alikuwa nayo.

Mganga akasema, "Ngozi hii, kucha hizi na vidole hivi ni ugonjwa mmoja. Nitakuandikia barua uende hospitali."

Niliona aibu kidogo. Kila siku ninawaambia wakulima, "Jani la muhogo likijikunja, usitazame jani peke yake. Tazama shina. Tazama mizizi. Uliza mbegu ilitoka wapi." Kumbe kwa mwili wangu mwenyewe nilitazama jani tu.

NI UGONJWA GANI?

Ugonjwa wa ngozi unaitwa soriasisi. Ukiingia kwenye viungo huwa ni baridi yabisi ya soriasisi.

Mwili una walinzi wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Walinzi hao ni kama sungusungu wa kijiji. Katika ugonjwa huu sungusungu wamekosea. Badala ya kumpiga mwizi, wanampiga mwenye nyumba. Wanaishambulia ngozi na viungo vya mwili wao wenyewe.

Ngozi ya mtu mzima wa afya hujibadilisha kidogo kidogo, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ngozi yenye soriasisi hujibadilisha kwa siku chache tu. Kwa hiyo ngozi hurundikana na kuwa magamba. Kwenye viungo, walinzi hao huleta uvimbe, joto na maumivu. Wakiachwa kwa muda mrefu, hula mfupa.

Zamani madaktari wengi waliuchanganya ugonjwa huu na baridi yabisi nyingine. Mwaka 1973 madaktari wawili wa Uingereza, Moll na Wright, waliandika wazi kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake.

Katika watu kumi wenye soriasisi, hata watatu huweza kupata ugonjwa wa viungo. Wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 30 hadi 50. Hupata wanaume na wanawake. Mara nyingi ngozi hutangulia, na viungo hufuata baada ya miaka kadhaa. Kwa watu wengine viungo hutangulia.

HAUAMBUKIZI

Ndugu zangu, tulishike jambo hili. Ugonjwa huu hauambukizi. Huupati kwa kupeana mikono. Huupati kwa kula sahani moja, kwa kuvaa nguo ya mgonjwa, wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuhusu soriasisi. Zilisema wazi kwamba si ugonjwa wa kuambukiza. Zikataka wagonjwa wasibaguliwe.

Ugonjwa huu pia si uchawi. Huweza kutembea katika ukoo, kama urefu au rangi ya macho. Si kila mtoto wa mgonjwa ataupata.

DALILI ZAKE

Nenda zahanati mapema ukiona dalili hizi:

1. Kidole cha mkono au cha mguu kimevimba chote.
2. Vifundo vya karibu na kucha vinauma na kuvimba.
3. Asubuhi viungo vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa.
4. Kucha zina vishimo, zimekuwa nene, au zinabanduka kwenye nyama.
5. Una mabaka yenye magamba kwenye viwiko, magoti, kiuno au kichwa. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huweza kuonekana ya zambarau, ya kijivu au meusi zaidi.
6. Kisigino kinauma, au mgongo unauma zaidi ukipumzika.

Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuogopa mwanga, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu huweza kuingia machoni.

Lakini si kila kidole kilichovimba ni soriasisi. Kidole kimoja chenye moto, usaha na homa huenda kina mdudu. Hicho kinahitaji dawa upesi. Kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku huenda ni jongo. Mtoto mchanga akivimba mikono na miguu, huenda ni ugonjwa wa selimundu. Mpeleke hospitali mara moja.

Kuna jambo jingine. Virusi vya UKIMWI huweza kuamsha soriasisi au kuizidisha. Nchini Zambia madaktari waliwachunguza wagonjwa wa viungo wenye soriasisi. Waliona kwamba wengi wao walikuwa na virusi hivyo. Maana yake si kwamba kila mwenye soriasisi ana virusi. Mimi nilipima, sikuwa navyo. Lakini ni vizuri kupima. Mtu mwenye virusi akianza dawa zake, mara nyingi ngozi na viungo navyo hupata nafuu.

DAWA

Ugonjwa huu hauponi kabisa. Lakini unaweza kutulizwa. Mtu akianza dawa mapema, viungo vyake huweza kuokoka.

Dawa za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupunguza uvimbe. Zimeze baada ya kula. Usizimeze mwezi hadi mwezi bila kumwuliza mganga. Huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Tena, dawa hizo peke yake haziuzuii ugonjwa kula mfupa. Hilo ndilo kosa langu la miaka miwili.

Ipo dawa inayoitwa methotreksati. Hii huwatuliza wale walinzi waliokosea. Mimi ninaitumia. Dawa hii humezwa mara moja kwa juma, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Mimi huimeza Jumapili, na nimeandika "JUMAPILI" kwenye pakiti yake. Mganga hunipa pia vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara. Hupimwa damu kila baada ya muda, kuangalia ini na chembe za damu. Situmii pombe. Mwanamke mwenye mimba asiitumie kabisa. Mume au mke anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kwanza.

Zipo dawa nyingine, kama salfasalazini. Zipo pia sindano mpya zenye nguvu, lakini bei yake ni kubwa. Daktari ndiye atakayechagua.

Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kilianza mwaka 1992. Kimefundisha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika.

MAMBO YA KUEPUKA

Usichanjwe kwa wembe. Ngozi yenye soriasisi ikikwaruzwa au kukatwa, mara nyingi baka jipya huota pale pale. Usisugue magamba kwa jiwe. Yaache yalainike.

Usinunue dawa isiyo na jina kwenye mnada. Baadhi ya dawa hizo zina predinisoloni. Siku za kwanza utaona raha. Ukiiacha ghafla, ngozi huweza kulipuka mwili mzima.

Usikandwe kwa nguvu kwenye kidole kilichovimba. Vua pete mapema, kabla kidole hakijaimeza. Acha sigara.

KAZI ZA KILA SIKU

Dawa ni kazi ya mganga. Lakini kazi ya jembe ni yetu. Nimejifunza mambo haya kwa mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi: Ninatumbukiza mikono katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi. Kisha ninakunja na kunyoosha vidole polepole. Ninagusa kila kidole kwa kidole gumba. Sivilazimishi. Kidole kikiwa na moto na uvimbe, ninakiwekea kitambaa kilicholowa maji baridi na kukipumzisha.

Jembe: Mpini mwembamba huwalazimisha vidole kubana sana. Mimi nimeuzungushia mpini vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa ni mnene na hautelezi. Fanya hivyo kwa panga, kisu na mwiko pia. Hata kalamu yangu nimeifunga kitambaa.

Kulima: Ninalima mapema, kabla ya jua kali. Nikimaliza mistari miwili ninapumzika kidogo, kisha ninabadili kazi. Zamani nililima mpaka maumivu yanizidi, halafu nikalala siku tatu. Kidogo kidogo kila siku ndiyo njia bora.

Maji: Usibebe ndoo kwa ncha za vidole. Jaza nusu, au tumia baiskeli au toroli. Kikapu kipitishe kwenye mkono, karibu na kiwiko.

Nguo: Usikamue kwa vidole. Zungusha nguo kwenye nguzo, kisha isokote kwa mikono miwili.

Mahindi: Kupukuchua kwa vidole gumba huumiza sana. Mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono ni nzuri. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua moja.

Kukamua na kuchuma pamba: Hapa sijapata ujanja. Kazi hizi zinataka vidole vyepesi. Kwetu tumebadilishana. Wanangu hukamua na kuchuma. Mimi ninapima, ninaandika na kupeleka mazao. Mwanzoni niliona haya. Sasa ninaona kwamba kazi inakwenda, na hiyo ndiyo faida.

Ngozi: Baada ya kuoga ninajipaka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi wakati ngozi bado ina unyevu. Magamba hupungua na ngozi haipasuki.

MWISHO

Mwaka huu nimepanda shamba langu kwa mikono yangu. Bado zipo siku mbaya. Lakini vidole tisa vinakunjika na kunyooka. Kile cha kumi kimebaki kimepinda. Ninapofundisha, wakulima hukiangalia. Ninawaambia, "Hiki ndicho nilichokichelewesha."

Basi, ndugu msomaji, kidole chako kikivimba usikae nyumbani. Tazama kucha zako. Tazama viwiko vyako. Nenda zahanati, umwonyeshe mganga vyote. Na ukimwona jirani mwenye mabaka na vidole vinene, mpe mkono umsalimie. Mpe taratibu tu, usimbane.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mganga alimwambia bwana shamba avue shati?
2. Je, soriasisi huambukiza kwa kupeana mikono?
3. Methotreksati humezwa mara ngapi kwa juma?
4. Ni kazi gani nyumbani kwako zinazoumiza vidole? Mnaweza kuzigawanya namna gani?