Je, Wajua? Salio halijawa noti

Kwenye meli kubwa za utalii abiria hupewa salio la kutumia humo humo, na mara nyingi likibaki hupotea. Wengine huliingiza kwenye mashine ya kasino kwa kadi ya chumba, kisha huenda dirishani kudai noti; baadhi ya kampuni hukata ada hapo. Huko Nyawera, mjini Bukavu, hesabu hiyo ya kugeuza salio kuwa noti inajulikana bila kupanda meli. M-Pesa ya Vodacom, huduma ya pesa kwa simu, ilianza Kongo mwaka 2012. Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025 na mabenki yakafungwa, pesa za kwenye simu zilibaki tarakimu tu hadi apatikane wakala mwenye noti.

Husemwa kwamba wakala anayepandisha ada ni mnyonyaji. Inauma kweli, hasa kwa mwenye mgonjwa. Lakini noti ikiadimika huwa bidhaa kama unga: aliye nayo ameisaka, ameilinda, na kesho huenda asiipate. Hata ikiwa mkononi haijatosha, kwani noti ya dola yenye mpasuko mdogo ukingoni, mfupi kuliko ukucha, hukataliwa sokoni. Ndiyo maana naona heri kumlipa muuza sambaza, wale samaki wadogo, kwa simu moja kwa moja. Je, yeye naye hatakatwa akitoa? Atakatwa, ikiwa mvuvi anayemuuzia samaki anadai noti. Mvuvi akipokea kwa simu, ada ya kutoa haimgusi yeyote kati yao siku hiyo.