Majaribio Madogo Nyumbani: Mtoto Ajionee Mwenyewe



Sisi wauguzi tumezoea kufundisha kwa maneno: naweni mikono, chemsheni maji, mtoto anayeharisha mpeni maji ya kunywa. Mama husikiliza, huitikia, hurudi nyumbani. Lakini wakati wa kilimo, mama anapokuwa shambani kwenye alizeti au mtama, anayembeba mdogo mgongoni mara nyingi ni dada yake wa miaka minane au tisa. Huyu hakuwapo kliniki. Tena mtoto wa umri huo hatosheki na maneno, anataka kuona.

Kwa hiyo mwezi huu tunawaletea majaribio matatu ya sayansi ya kufanya na watoto nyumbani. Hayahitaji maabara wala fedha. Wazo la kumwezesha mtoto alinde afya ya wadogo zake si geni. Daktari David Morley, aliyewahi kutibu watoto nchini Nigeria, alilieneza kutoka London katika Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, 1979.

1. Kibuyu kinachoharisha

Jaribio hili lilitumika katika vijiji vya Meksiko, na David Werner na Bill Bower walilieleza katika kitabu chao cha mwaka 1982. Kwetu Singida vibuyu havikosekani. Ukikosa, kata sehemu ya juu ya chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya shamba.

Chukua kibuyu chenye mdomo mpana. Toboa tundu dogo karibu na kitako, uzibe kwa kijiti. Mwache mtoto achore macho na mdomo kwa mkaa. Jazeni maji mpaka pomoni, kisha mtandaze juu yake kitambaa chepesi kilicholowa, kiguse maji. Kitambaa hicho ndicho utosi wa mtoto mchanga.

Sasa mtoto achomoe kijiti. Maji yanatoka, na kitambaa kinabonyea polepole. Mwulize: "Unaona nini?" Atajibu mwenyewe kwamba utosi umeingia ndani. Mweleze kuwa mtoto anayeharisha hupungukiwa maji hivyo hivyo. Macho hudidimia, midomo hukauka, hulia bila machozi, na mkojo huwa kidogo.

Rudieni mara ya pili. Safari hii, maji yakitoka chini, mtoto aongeze mengine juu taratibu. Kitambaa hakibonyei. Hapo mwulize swali lililo kubwa kuliko yote: "Tukiacha kumpa maji, tundu litaziba?"

Wapo watu wazima ambao bado humnyima maji mtoto anayeharisha wakidhani maji ndiyo yanayozidisha kuhara. Kibuyu kinawajibu. Kumnyima maji hakuzibi tundu. Kunamaliza maji yaliyobaki, na upungufu huo wa maji ndio unaoua watoto upesi.

Basi, mtoto akiharisha, aendelee kunyonya na kula. Mpeni maji ya ORS, mkichanganya pakiti kama maelezo yake yanavyosema. Wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee kidogo kidogo kwa kijiko. Maji yakipita saa 24, mwageni mchanganye mengine. Ulizeni pia vidonge vya zinki kituoni. Pakiti ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Yakizidi chumvi ya machozi, msimpe.

Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akiharisha damu, msingoje kesho. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, mkimnywesha njiani kama anaweza.

2. Vikombe vitatu vya maji

Jazeni vikombe vitatu maji ya kunywa. Mtoto akiwa hatazami, tia chumvi kidogo katika kimoja na ukoroge mpaka iyeyuke. Mwite akitambue kwa macho. Hataweza, hadi aonje.

Wakazi wa Singida mjini wanalielewa hili: maji ya maziwa Singidani na Kindai ni ya chumvi, lakini chumvi hiyo huioni ukisimama ufukweni. Mwambie mtoto kwamba vijidudu vya maradhi navyo havionekani kwa macho, tena havina ladha. Maji maangavu ya kisima au lambo yanaweza kuwa navyo. Dawa yake ni kuyachemsha mpaka yatokote, kisha kuyahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

3. Mafuta na unga wa mkaa

Mpake mtoto mafuta kidogo ya alizeti viganjani, umnyunyizie unga wa mkaa. Anawe kwa maji matupu: weusi unabaki. Anawe tena kwa sabuni, akisugua kati ya vidole na chini ya kucha kwa kadiri ya sekunde 20: unaondoka. Mafuta na maji hayachangamani, lakini sabuni hushika yote mawili, ikayang'oa mafuta pamoja na uchafu ulionata. Viini vya maradhi navyo huondoka hivyo, hasa baada ya kutoka chooni na kabla ya kula.

Msimcheke anayeuliza

Majaribio haya yataleta maswali mengi, mengine yatawashinda. Msiwakemee watoto. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakukata tamaa, mwaka 1969 alichapisha jambo hilo pamoja na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Hadi leo wanasayansi duniani wanalijadili kwa jina lake.

Wazazi, tafuteni kibuyu Jumamosi hii. Kisha mwacheni dada mtu awaonyeshe majirani. Siku mdogo wake atakapoharisha nanyi mko shambani, atajua la kufanya: ampe kinywaji, na atume mtu kuwaita.