Mchanga Mweusi Uliozaa Jembe

Ndugu msomaji, umewahi kuona mchanga mweusi kwenye vijito vya milima yetu ya Upare? Mchanga ule una chuma. Zamani wahunzi wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, waliuosha, wakautia tanuruni pamoja na makaa, wakapuliza moto kwa mivukuto. Kilichotoka walikifua, wakapata majembe. Hata Wachaga waliyanunua.

Chuma kitupu ni laini. Kikipata kaboni kidogo, ile iliyomo katika makaa, huwa chuma cha pua, kigumu zaidi. Viwanda vya leo huongeza madini mengine. Kromiamu, sehemu 11 hivi au zaidi katika 100, huzuia kutu. Vanadiamu husaidia makali yadumu.

Lakini chuma cha namna hiyo kikipoa polepole, chembe ngumu hujikusanya, kama uji wenye mabonge. Chombo chake humeguka upesi. Dawa yake ni nini? Chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi yenye nguvu, kikawa unga. Unga hufungwa ndani ya kopo la chuma, hupashwa moto na kugandamizwa sana mpaka ushikane, uwe pande moja. Hapo chembe zimeenea sawasawa.

Nasi tuyatunze makali yetu. Ukinoa panga kwa mashine, lichovye majini mara kwa mara. Makali yakigeuka buluu, jua ugumu umepungua. Panga hilo halitakata tena kama zamani.