Kinda wa Hoki Aliyeumia Baada ya Drafti: Kipaji Chake Hupimwaje

Ligi kuu ya hoki ya barafuni, NHL, ina klabu 32 zilizotawanyika Marekani na Kanada. Kila mwaka klabu hizo hupokezana kuchagua vijana, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18, katika shughuli inayoitwa drafti. Raundi ni saba, hivyo majina yapatayo 224 husomwa. Kuchaguliwa, hata hivyo, si kuingia uwanjani. Klabu hupata haki ya kumsajili kijana, lakini yeye mwenyewe mara nyingi hurudi kwenye timu yake ya vijana, chuo kikuu au klabu ya Ulaya, na huchukua miaka kadhaa kuiva. Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo wengine huumia, na waliowachagua hubaki wakijiuliza kama bado ni wale wale.

Hoki hii ni mchezo wa kasi na vishindo. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma vikali, wakigombea kisahani cha mpira mgumu ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta, na kanuni zinaruhusu kumkumba kwa mwili yule mwenye kisahani. Magoti, mabega, nyonga na kichwa havisalimiki. Kuumia peke yake, kwa hiyo, hakusemi lolote juu ya kipaji cha mtu.

Drafti ya mwaka 2017, iliyofanyika Chicago, inafundisha kuliko nyingi. Nolan Patrick, mshambuliaji wa kati wa timu ya vijana ya Brandon Wheat Kings, alichaguliwa wa pili na Philadelphia Flyers. Alikuwa amekosa zaidi ya nusu ya msimu kwa majeraha, na Juni ya mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa misuli ya tumbo. Gabriel Vilardi wa Windsor Spitfires, naye mshambuliaji wa kati, alichaguliwa wa 11 na Los Angeles Kings. Muda mfupi baadaye mgongo ukaanza kumtesa. Wakati huo, aliyeonekana kubeba hatari kubwa alikuwa Patrick.

Jambo la kwanza la kutazama ni kile kijana alichoonyesha alipokuwa mzima. Katika hoki, kila bao na kila pasi ya bao huhesabiwa pointi moja. Msimu wa 2015–16, Patrick akiwa na miaka 17, alipata pointi 102 katika mechi 72. Msimu uliofuata, ule wa maumivu, alipata 46 katika mechi 33. Ukigawanya, misimu yote miwili inatoa karibu pointi 1.4 kwa mechi. Mechi zilipungua, kiwango hakikushuka, na huyo ni tofauti kabisa na kijana aliyecheza mechi zote huku kiwango kikiporomoka. Wanaolinganisha jumla za msimu bila kugawanya kwa mechi humwonea aliyeumia.

Umri nao hauna budi kuhesabiwa, tena kwa miezi. Anayeruhusiwa kuchaguliwa ni aliyetimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka wa drafti. Patrick alizaliwa Septemba 19, 1998. Siku nne zilimkosesha drafti ya 2016. Vilardi alizaliwa Agosti 16, 1999, akawa miongoni mwa wadogo kabisa wa mwaka wao. Kati yao ilikuwapo karibu miezi 11, na katika umri ambao mwili hubadilika kila msimu, miezi hiyo ni mingi. Mdogo akipoteza mwaka kwa jeraha, huenda anarudi akiwa na umri ule ule aliokuwa nao mwenzake siku ya kuchaguliwa.

Jambo la pili, na ndilo zito zaidi, ni aina ya jeraha. Goti lina historia ndefu inayofahamika. Mwaka 2012 vijana wawili waliochanika kano za goti walichaguliwa ndani ya nafasi tano za kwanza. Morgan Rielly, beki wa Moose Jaw Warriors, alikuwa na pointi 18 katika mechi 18 alipoumia Novemba 2011. Toronto Maple Leafs walimchagua wa tano, na ameshaichezea klabu hiyo zaidi ya mechi 800. Alex Galchenyuk wa Sarnia Sting aliumia kabla msimu haujaanza, akacheza mechi mbili tu za kawaida. Montreal Canadiens walimchagua wa tatu, wakitegemea pointi 83 za msimu uliotangulia, na msimu wa 2015–16 aliwafungia mabao 30. Lakini hata goti lina onyo lake. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanamichezo wanne wenye umri chini ya miaka 25, wanaorudi mchezoni baada ya upasuaji wa kano ya mbele ya goti, huchanika tena, goti lile lile au la pili. Wanaorudi kabla ya miezi tisa wamo hatarini zaidi. Klabu inayomharakisha kinda ili acheze mechi za mwisho wa msimu inacheza kamari na miaka yake kumi ijayo.

Nyonga huwasumbua sana makipa, kwa sababu mtindo wao wa kuanguka kwa magoti huku miguu ikitanuka pande zote hukwaruza maungio. Hapa upasuaji unaweza hata kumfungulia kijana mlango. Thatcher Demko, aliyechaguliwa wa 36 na Vancouver Canucks mwaka 2014, alitengenezwa nyonga zote mbili mwaka 2015 akiwa Boston College, na msimu uliofuata akatwaa tuzo ya kipa bora wa vyuo vikuu vya Marekani.

Mgongo ni mgumu kuutabiri. Mchezaji wa hoki huteleza akiwa ameinama, na nguvu yake ya kupiga na kusukumana hupitia kiunoni. Diski ya uti wa mgongo inapochomoza, kila hatua huuma, wala hakuna kalenda ya kupona ambayo daktari anaweza kuiapia. Ndiyo sababu maoni yalitofautiana sana juu ya Cayden Lindstrom, aliyechaguliwa wa nne na Columbus Blue Jackets mwaka 2024 baada ya kucheza mechi 32 tu akiwa na Medicine Hat Tigers, akafanyiwa upasuaji wa mgongo Novemba ya mwaka huo.

Kichwa ndicho kinachoogopesha kuliko vyote, kwa kuwa picha za hospitali huenda zisionyeshe kitu. Patrick alipata pointi 30 na 31 katika misimu yake miwili ya kwanza ya NHL, kisha maradhi ya kipandauso yakamkosesha msimu mzima wa 2019–20. Aliporudi hakuwa yule wa zamani. Alihamia Vegas Golden Knights, na baada ya mwaka 2022 hakucheza tena NHL, akiwa na jumla ya mechi 222. Jeraha lililojadiliwa siku ya drafti silo lililomtoa mchezoni, kwa hiyo si haki kusema kwamba Philadelphia walipuuza dalili. Waliupima ushahidi uliokuwapo, na ushahidi huo ulikuwa mzuri.

Jambo la tatu ni muda, na hapa kanuni huingilia. Kwa utaratibu wa miaka hiyo, klabu iliyomchagua kijana kutoka ligi kuu za vijana za Kanada ilikuwa na miaka miwili ya kumsaini; la sivyo haki ilipotea. Zaidi ya hayo, kijana huyo kwa kawaida hakuruhusiwa kwenda AHL, ligi ya daraja la chini ya NHL, kabla ya kufika miaka 20. Aliyeumia akiwa na miaka 18 alirudi ama kwenye ligi ya watoto aliyoizidi, ama kwenye ligi ya wakubwa asiyoiweza bado. Pia hupoteza miezi ya kujenga misuli na kuzoea kasi, hasara ambayo hakuna takwimu inayoionyesha.

Anaporudi, mechi chache za mwanzo hudanganya kirahisi. Kinda anaweza kufunga mabao matano katika mechi kumi kwa bahati ya makipa wabovu, au asifunge hata moja huku akicheza vizuri. Afadhali kuhesabu mashuti kuliko mabao, maana mashuti hayayumbi sana, na kugawanya kwa dakika alizocheza, kwa kuwa kocha humpa anayetoka kuumia dakika chache. Kisha video za kabla na za baada zilinganishwe. Je, hatua zake tatu za kwanza zina mlipuko ule ule? Hugeuka kwa pande zote mbili, au huukwepa mguu mmoja? Huingia pembeni ya uwanja kugombea kisahani ukutani, au hungoja mwenzake aende? Swali hili la mwisho linahusu woga kuliko mwili, na woga huchelewa kupona.

Vilardi alipita katika yote hayo. Msimu wa kwanza baada ya drafti alicheza mechi 32 tu za vijana, lakini akapata pointi 58, dalili kwamba kipaji kimesimama ingawa mgongo umekataa. Msimu wa 2018–19 alicheza mechi nne tu za AHL. Wengi walimkatia tamaa, na makosa yao yalikuwa kusoma ukimya wa takwimu kana kwamba ni kushuka kwa kiwango. Hakuwahi kusifiwa kwa mbio. Sifa yake ilikuwa mikono na macho, uwezo wa kukilinda kisahani akiwa amebanwa na kumwona mwenzake aliye huru, na hayo mgongo hauyafuti. Februari 20, 2020 aliingia NHL kwa mara ya kwanza na kufunga baada ya sekunde kumi barafuni. Hata hapo safari haikunyooka: msimu wa 2021–22 alirudishwa AHL, akahamishwa kutoka katikati kwenda pembeni. Mwaka uliofuata alifunga mabao 23, kisha klabu ikamtoa kwa Winnipeg Jets katika biashara ya kubadilishana wachezaji. Huko, msimu wa 2024–25, alifunga mabao 27 na kufikisha pointi 61 katika mechi 71. Alikuwa na miaka 25, na karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu jina lake lisomwe Chicago.