Machozi ya Mwanaume Yanakwenda Wapi?



Hapa Mtaa wa Viwanda, Bujumbura, ajali za mkono tunajua kuzihesabu. Mashine ikikata kidole, kapita anaandika, mganga anaitwa, na sendika inadai haki ya aliyeumia. Lakini yako majeraha yasiyotoa damu, na hayo hayana daftari. Leo tunasema juu ya hayo, na hasa ya mwanaume aliyepata mtoto.

Warundi husema: Amosozi y'umugabo atemba aja mu nda. Machozi ya mwanaume yanatiririkia tumboni. Wengi wetu tumelishika neno hilo kama sheria. Wazee wetu walizika watu wao mwaka 1972, wengine wakazika mwaka 1993 na miaka ya vita iliyofuata, kisha asubuhi wakarudi kazini midomo imefungwa. Jirani akiuliza habari, jibu ni moja: nzuri.

Sasa mtoto anazaliwa. Watu wanakuja guhemba, mama anapewa hongera na pole, na ni haki yake. Baba anaulizwa tu kama vinywaji vipo. Ni kweli, tangu mwaka 2006 kujifungua katika hospitali za serikali ni bure. Sabuni, nguo za mtoto na kodi ya nyumba si bure. Baba anatoka zamu ya usiku, anataka kulala, mtoto analia chumba hicho hicho. Jioni inafika, zamu inamngoja tena.

Mwenzetu mmoja, jina lake tunaliacha, alipopata mtoto wa kwanza alianza kupitia kabare kila siku kabla ya kurudi kwake. Nyumbani akawa mkali. Kazini mikono ikatetemeka mbele ya mashine. Watu wakasema ni pombe. Siku aliyofungua kinywa, alieleza kwamba mwaka 1993 alikuwa mtoto mdogo, na kila mtoto wake anapolia usiku yeye anarudi katika usiku ule, mama yake akimziba mdomo wasisikiwe. Pombe ilikuja baadaye, kama dawa.

Alikwenda Kamenge, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo. Wengi hapa wanakitaja kituo hicho kwa kicheko: ni kwa wendawazimu. Yeye alikaa kwenye kiti, akasikilizwa. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Hatusemi amepona kama aliyemeza kidonge. Ila sasa analala, na kabare haimwoni kila siku.

Jambo hili si la mtu mmoja. Mwaka 2010 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 43, zenye watu zaidi ya 28,000. Waliona kwamba karibu baba mmoja katika kila kumi anashikwa na huzuni nzito tangu mimba ya mkewe hadi mtoto atimize mwaka, na zaidi mtoto akiwa na miezi mitatu hadi sita. Yaani wageni wamekwisha kuondoka, na madeni yamebaki.

Kwa jirani zetu wa Rwanda ulikuwako mpango ulioitwa Bandebereho, maana yake watu wa kuigwa. Baba vijana, na wenye wake wajawazito, walikutana mara 15, na wake zao walihudhuria baadhi ya mikutano hiyo. Walizungumza juu ya mimba, kazi za nyumbani, fedha, hasira. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: baada ya miezi 21, wanawake 33 katika kila 100 walisema wamepigwa na waume zao mwaka ule, kwa familia ambazo hazikuingia katika mpango, walikuwa 57. Thelathini na tatu bado ni wengi mno. Lakini tazameni tofauti. Na hapa kwetu Abatangamuco, wanaume wa vilimani wanaosimama mbele ya watu na kueleza walivyowapiga wake zao na walivyoacha, hawakunyang'anywa uanaume na mtu yeyote.

Kwa hiyo tunadai, na tutaendelea kudai mezani kwa waajiri: mfanyakazi anayekwenda kwa mganga wa akili ahesabiwe mgonjwa kama mwenye malaria, asikatwe mshahara. Baba wa mtoto mchanga asipangwe zamu ya usiku wiki za kwanza. Kapita asiandike "mlevi" kabla ya kuuliza.

Mwenye haja amwone mjumbe wa sendika wa zamu yake, pembeni, si mbele ya watu. Mjumbe hataandika jina, wala hatamwambia mkubwa wa kazi. Na wake zetu wanaosomewa ukurasa huu nyumbani, nao waje.