Mji na Mrija: Juu ya Homoni na Uzazi wa Chura

Neno mji huko Unguja lina maana nyingi. Mji Mkongwe ni mji. Sehemu ya katikati ya kanga, iliyozungukwa na pindo, nayo huitwa mji. Na mahali akaapo mtoto tumboni ni mji wa mimba. Mfasiri wa kitabu cha elimu ya viumbe akutanapo na njia ya uzazi ya chura huvutwa kulitumia jina hilo la tatu. Lakini vyura walio wengi hawana mji wa mimba. Wana mirija miwili ya mayai, na kazi ya mirija hiyo haifahamiki pasipo kuzijua homoni, yaani vitu vitolewavyo na tezi na kuchukuliwa na damu hata viungoni, ili viamrishe kazi.

Ufikapo wakati wa kuzaa, ubongo wa chura jike huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huichochea ovari. Ovari hutoa estrojeni, na estrojeni ina kazi mbili: huliamuru ini lifanye protini ya kiini cha yai, tena huunenepesha mrija hata vitezi vya ukuta wake vikajaa ute. Ute huo hungoja. Projesteroni ndiyo iyakomazayo mayai na kuufanya mrija umwage ute wake. Kila yai lipitalo huvikwa vazi la utelezi, livimbalo liingiapo majini.

Nguvu ya pituitari ilidhihirishwa Cape Town. Mwaka 1930 Lancelot Hogben alieleza kwamba maji ya pituitari ya ng'ombe, akidungwa chura jike wa jamii ya Xenopus, humfanya atoe mayai. Baadaye mkojo wa mwanamke ukadungwa chura vivyo hivyo. Akitaga katika muda wa siku moja, mwanamke ana mimba. Uchunguzi huo ulitumika hata miaka ya 1960. Jamaa ya chura huyo, Xenopus muelleri, yuko Unguja.

Katika misitu ya pwani, Unguja ikiwamo, yuko pia chura mdogo aitwaye Mertensophryne micranotis, atagaye katika maji kidogo ya matundu ya miti, hata ya vifuu vya nazi. Mbegu za dume huingia mwilini mwa jike. Lakini kwa kuwa hutaga, yeye naye hana mji.

Mambo hugeuka kwa Nectophrynoides wa milima ya Tanzania bara, kama vile Uluguru na Udzungwa. Hao huzaa vyura wadogo waliokwisha kamilika, pasipo kiluwiluwi kuogelea majini, na mrija ndio uwalezao. Kwa jamaa yao wa mlima Nimba, Afrika Magharibi, mimba huchukua miezi kama tisa, na projesteroni, ile ile iamrishayo ute kwa wengine, huchelewesha ukuaji wa watoto wakati wa kiangazi. Kwa hao mfasiri aandike mji wa mimba bila ya hofu. Kwa chura wa dimbwini, mrija wa mayai.