RANGI INAYOGEUZA JUA KUWA UMEME

Akina mama wasukao mikeka wanaijua vema kazi ya rangi. Rangi isiyoshika ukindu huondoka kwa maji, na rangi dhaifu hufubaa juani. Wako wataalamu wanaohangaika na mambo hayo hayo mawili, lakini si kwa ajili ya mkeka. Wao wanataka rangi itoe umeme.

Mwaka 1991, mjini Lausanne katika nchi ya Uswisi, Bwana Michael Grätzel na mwenzake Brian O'Regan walitangaza chombo kipya. Walikipaka kioo unga mweupe wa titani, ule ule utiwao katika rangi nyeupe za nyumba, kisha wakaulowesha unga huo katika rangi.

Chombo hiki hufanyaje kazi? Mwanga ukiipiga rangi, chembe ndogo mno ya umeme, iitwayo elektroni, huruka kutoka katika rangi na kuingia katika unga. Kutoka hapo hupita katika waya na kuwasha taa, kisha rangi hurudishiwa elektroni kwa njia ya majimaji yenye aidini. Hivyo rangi ni kama mtu anayekopesha na kulipwa kutwa nzima.

Chombo cha kwanza kiligeuza kuwa umeme sehemu 7 hivi katika kila 100 za nguvu ya jua. Lakini rangi yake ilikuwa na ruteni, madini adimu na ghali. Je, haiwezekani kutumia rangi isiyo na madini? Wengine walijaribu hata maua ya rosela. Umeme ulitoka, lakini mara nyingi haukufikia sehemu 1 katika 100.

Kwa hiyo wataalamu huziunda rangi wenyewe, kipande kwa kipande. Upande mmja huwekwa sehemu inayotoa elektroni kwa urahisi, katikati daraja, na upande wa pili sehemu ya kupokea, yenye nanga ya kushika unga. Daraja likirefushwa, rangi hukamata mwanga mwingi zaidi. Lakini chembe za rangi zikilaliana kama sahani kabatini, nguvu hupotea bure kabla ya kufika kwenye unga. Basi huziongezea matawi pembeni, zisikaribiane mno.

Tena rangi lazima ivumilie. Ili idumu miaka 20 hivi, yapasa itoe elektroni na kurudishiwa kama mara milioni 100 bila kuharibika. Hapo ndipo rangi nyingi nzuri hushindwa.

Mwaka 2022, wataalamu wa Lausanne walichanganya rangi mbili zisizo na madini, wakapata sehemu 15 na kidogo katika 100 chini ya jua kali. Katika mwanga hafifu wa taa za ndani, walipata zaidi ya 28.

Je, msomaji, uzingoje rangi hizi? Kwa paa la nyumba yako, hapana. Paneli za silikoni zinazouzwa madukani, nyingi hupata 20 au zaidi, na zimekwisha zoea jua na mvua. Faida ya rangi iko mahali penye mwanga mdogo, kwa vyombo vidogo ambavyo leo hula betri. Ikiwa siku moja saa ya ukutani itakwenda kwa mwanga wa taa ya sebuleni, huenda ni rangi inayofanya kazi.